Siku Lusungu Alipotaja Jina la Mkwewe

Kila asubuhi Lusungu aliweka chai na ndizi za kuchemsha kwenye benchi la nje. Kisha alirudi jikoni, akageukia ukuta na kusema kwa sauti:

“Jeni, mwambie babu chai iko tayari.”

Jeni alikuwa mgongoni kwa mama yake. Alikuwa hajaota hata jino moja. Hakuweza kumwambia mtu yeyote neno lolote. Lakini babu alisikia. Alikohoa kidogo, akatoka chumbani kwake na kukaa kwenye benchi.

“Jeni,” naye alisema, “mwambie mama yako ndaga fijo.”

Hapo alikuwa anasema asante sana kwa Kinyakyusa.

Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile ya kijiji cha Lufingo, kati ya migomba na shamba la chai. Zamani kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto alimheshimu baba mkwe kwa kujitenga naye. Hakumtazama usoni. Hakupita naye njia moja. Hakutaja jina lake. Siku hizi familia nyingi zimelegeza desturi hiyo. Familia ya Obed, mume wa Lusungu, haikuwa imelegeza.

Lusungu hakulalamika. Alizaliwa Bulyaga, mjini Tukuyu, lakini mama yake alimfundisha heshima. Akikutana na mzee kwenye njia ya shambani, alijitenga pembeni na kuinama mpaka apite. Aliijua miguu yake. Alilijua koti lake na kikohozi chake. Uso wake hakuujua.

Hata hivyo alimpenda. Wiki aliyojifungua Jeni, alikuta kuni zimepasuliwa na kupangwa mlangoni pa jiko. Hakuna aliyesema nani amezipasua. Lusungu alijua.

Mwaka ule, wakati wa mvua kubwa, mambo yalianza kubadilika. Mzee aliacha chai nusu kikombe. Baadaye akawa anainywa kidogo tu, kama mtu anayeonja. Alikwenda chooni mara kwa mara na kukaa huko muda mrefu. Alianza kufua blanketi lake mwenyewe nyuma ya nyumba, kabla watu hawajaamka vizuri. Jumapili akaacha kwenda kanisani. Alisema ni magoti.

Lusungu aliona yote. Akaelewa kwamba si magoti. Alimpigia simu Obed, aliyekuwa fundi ujenzi mjini Mbeya.

“Baba anaumwa,” alisema.

“Amekwambia?”

“Ataniambiaje mimi? Ni mambo ya chooni.”

Obed alishusha sauti. Kisha akasema, “Mama Jeni, yule ni baba yangu. Nianzeje kumuuliza mambo ya mkojo?”

“Basi njoo umwone.”

“Kazi ni nyingi. Nitajaribu.”

Hakuja. Mwezi ukapita. Lusungu alitamani kumwambia mzee neno moja tu. Lakini neno lenyewe lilikuwa mkojo. Hata kwa Jeni hakuweza kulituma.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na ukungu ulikuwa umefunika vilima vyote. Lusungu aliweka chai kwenye benchi, chini ya paa. Akasema maneno yake ya kila siku. Hakusikia kikohozi. Chai ikapoa. Kisha akasikia mtu anaguna kwa maumivu.

Alikwenda mpaka kwenye mlango wa mzee. Akasimama, mgongo wake ukielekea mlangoni.

“Jeni, muulize babu kama ameamka salama.”

Halafu sauti ikatoka ndani, nyembamba na ya kukatika.

“Mama Jeni.”

Lusungu aliganda. Mzee hakumtaja mtoto. Alikuwa amemwita yeye.

“Mama Jeni, nakufa. Mkojo umegoma. Tangu jana hautoki hata tone.”

Mzee wa heshima kama yule alikuwa ametamka jambo lile mbele ya mke wa mwanawe. Lusungu alijua mtu huteseka kiasi gani mpaka afike hapo. Aliinua macho kwenye ukungu na kusema moyoni, Kyala, nisaidie. Kyala ndiye Mungu. Kisha akageuka na kuingia.

Mzee alikuwa amejikunja kwenye mkeka. Tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Jasho lilikuwa linamtoka ingawa kulikuwa na baridi.

“Baba,” Lusungu alisema, macho yake yakiwa chini, “nataka kukushika mkono.”

“Shika, mwanangu.”

Jirani yao Lazaro alikuwa anapakia ndizi kwenye kirikuu, gari lake dogo la mizigo, ili azipeleke sokoni Tukuyu. Lusungu alimkimbilia. Lazaro hakuuliza maswali. Alishusha mikungu, akatandika majani ya migomba na godoro nyuma ya gari. Wakambeba mzee na kumlaza. Lusungu akapanda, Jeni mgongoni, akakaa karibu na kichwa cha mkwewe. Mkono mmoja ulishika mwavuli. Mwingine ulimzuia mzee asirushwe gari lilipopita kwenye mashimo.

Wanawake waliokuwa njiani na mizigo kichwani walisimama. Walimwona mke wa Obed amemshika baba mkwe wake kwenye gari la wazi, mbele ya watu wote. Lusungu alitarajia kusikia vicheko. Hakusikia. Mwanamke mmoja alishusha mzigo wake kwenye matope, akasimama hivyo hivyo mpaka gari likapita.

Hospitalini, karani aliyekaa dirishani alishika kalamu.

“Jina la mgonjwa?”

“Ni baba mkwe wangu.”

“Ana jina, dada.”

“Babu Jeni.”

“Siwezi kuandika Babu Jeni. Dawa zake na vipimo vyake vitachanganyika na vya mtu mwingine.”

Lusungu alitazama nyuma. Mzee alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amefumba macho. Bibi mmoja kwenye foleni alielewa shida yake. Bibi yule aliinamisha kichwa, kama anayempisha mtu mlangoni.

“Asajile,” Lusungu alisema kwa kunong'ona.

“Sauti, mama.”

“Asajile Mwakalobo!”

Jina lilisikika ukumbi mzima. Tangu Lusungu aolewe, jina lile lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwake. Alingoja kitu kitokee. Pengine ardhi ingetikisika. Pengine mzee angekasirika. Kitandani, mzee alifumbua macho.

“Naam,” aliitika.

Tabibu aliyewapokea aliitwa Prosper. Alikuwa kijana kutoka Moshi aliyepangiwa kazi wilayani Rungwe.

“Shikamoo, baba. Naona tumbo limejaa. Mkojo umekataa kutoka?”

Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Mzee alishangaa. Kumbe neno lile lingeweza kusemwa hivyo, bila kuinama, bila kunong'ona.

“Umekataa,” alijibu.

“Basi tutausaidia. Nitapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, mpaka ndani kwenye kibofu. Utabanwa kidogo. Kisha maumivu yataisha.”

Lusungu alisubiri nje ya pazia. Alimsikia mzee akibana pumzi. Halafu akasikia pumzi ile ikitoka polepole, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo baada ya kupanda mlima mzima.

“Kyala wangu!” mzee alisema. “Kyala wangu!”

Prosper alimwita Lusungu ndani. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaning'inia kando ya kitanda. Ulikuwa unajaa mbele ya macho yao. Tumbo lililokaza kama ngoma lilikuwa linashuka.

“Maji haya yote yalikuwa ndani yangu?” mzee aliuliza.

“Yote, baba. Na bado yanatoka.”

Mzee aliutazama mfuko ule kama mtu anayeona chemchemi inabubujika kwenye jiwe. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Lusungu naye alishangaa mpaka akasahau kutazama chini. Akamwona mzee usoni. Aliona paji pana la uso. Aliona kishimo kidogo kwenye shavu la kushoto. Alikuwa anauona uso wa Jeni. Kila siku alikuwa akiuosha uso ule na kuupaka mafuta, bila kujua umetoka wapi.

“Baba,” alisema, “Jeni ni wewe kabisa.”

“Watu huniambia. Mimi sijamtazama vizuri. Kila saa yuko mgongoni kwako.”

Lusungu alifungua mbeleko, akamlaza mtoto kando ya babu yake. Wote wawili walitazamana.

Mchana Prosper alirudi, akavuta kiti.

“Baba, nataka kukueleza ugonjwa wako. Mama huyu abaki au atupishe?”

Mzee alifikiri.

“Abaki. Nikisahau mimi, atakumbuka yeye.”

“Vizuri. Kila mwanaume ana kiungo kinachoitwa tezi dume. Kiko chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Ukiwa kijana ni kidogo kama ndimu ndogo. Umri ukienda, kwa wanaume wengi huongezeka ukubwa. Kinaweza kufikia ukubwa wa parachichi changa. Hapo huibana njia. Mkojo hutoka kidogo kidogo, huchelewa, na mwisho unaweza kukwama kabisa. Ukikwama hivyo ni dharura. Ukiachwa, figo zinaharibika.”

“Mimi niliacha kunywa maji. Nilidhani mkojo utapungua.”

“Wengi hufanya hivyo, na hawaponi. Kunywa maji mchana, punguza jioni ukikaribia kulala. Na dawa za chupa za mtaani, ulitumia?”

Mzee alikohoa. “Kidogo.”

“Usitumie tena kabla ya kuniuliza. Sasa tutapima damu na kupiga picha ya tumbo. Nitapima pia kwa kidole, kwa kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi hukimbia hapo. Kipimo hicho kinachukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.”

Lusungu alitazama sakafu. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

“Je, ni saratani?” aliuliza.

“Tezi kuongezeka peke yake si saratani. Lakini saratani nayo huweza kuanzia hapo hapo na kuonyesha dalili kama hizi. Ndiyo maana tunapima. Hatukisii.”

“Nimesikia ukipasuliwa huko, uanaume unakwisha.”

“Kwa walio wengi haukwishi. Kuna mabadiliko mengine yanayoweza kutokea. Hayo nitakueleza tukiwa wawili. Uliza lolote, baba. Hapa hakuna swali la aibu.”

Mzee alitazama dirishani. Kisha akasema, “Daktari, niondolee mpira huu nirudi nyumbani.”

“Kwa nini?”

Mzee alimtazama Jeni pembeni yake.

“Ni pesa, baba?”

“Mkojo nimeshausema,” mzee alisema polepole. “Hili la pesa ni gumu zaidi.”

Prosper hakumharakisha. Mzee akaendelea.

“Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa yake ni ya mtoto huyu. Nikilazwa, mwanangu atamuuza. Ndiyo maana nilinyamaza.”

Lusungu alishika mdomo. Kumbe mzee alikuwa amevumilia maumivu yale yote kwa ajili ya maziwa ya Jeni. Alitoka nje, akampigia Obed.

“Baba yuko hospitali, mkojo ulikwama. Nimetaja jina lake mbele za watu. Mimi nimeshafanya sehemu yangu. Njoo ufanye yako.”

Obed alifika jioni, amelowa mvua. Alipouona mpira na mfuko, alisimama mlangoni, akashindwa kuingia.

“Ingia,” baba yake alisema. “Ni mkojo tu.”

Obed alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akafunika uso kwa viganja.

“Baba, sina kazi. Mwenye jengo aliishiwa fedha, ujenzi ukasimama. Siku hizi nabeba mizigo sokoni. Mama Jeni aliponiambia unaumwa, niliogopa kukuuliza. Ungenijibu, ningetakiwa nitoe pesa. Sikuwa nayo. Nikaona bora nisijue.”

Lusungu hakuwa ameyajua hayo. Alimtazama mumewe na kungoja hasira zimpande. Hazikupanda. Aliona tu jinsi alivyokonda.

Mzee alimshika mwanawe begani.

“Wewe umenificha mimi, na mimi nimekuficha wewe. Na mama Jeni katikati anaongea na mtoto asiye na meno.”

Obed alicheka huku analia.

Asubuhi iliyofuata Prosper aliwapeleka kwa Doreen, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ile. Doreen aliwasikiliza mpaka mwisho.

“Mmefanya jambo kubwa,” alisema. “Wengi huja kwangu siku ya kuruhusiwa, bili imeshatoka. Wengine hutoroka, na vidonda havijapona. Ninyi mmekuja mwanzoni. Kwa wazee wasio na uwezo kuna utaratibu wa msamaha. Leteni barua ya serikali ya kijiji. Siahidi kwamba yote yatasamehewa. Kitakachobaki, tutakubaliana mlipe kidogo kidogo. Mkishatulia, jiungeni na bima ya afya. Msingoje mtu augue tena.”

“Na ng'ombe?” mzee aliuliza.

“Mambo ya ng'ombe mzungumze nyumbani. Ila mzungumze wote, na huyu mama awepo.”

Mzee aliporuhusiwa kurudi nyumbani, walizungumza wote. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, Lusungu alikaa kwenye kigoda sebuleni huku mkwewe yupo. Obed alitaka kuuza ng'ombe. Mzee alitaka kuuza kipande cha shamba la chai. Lusungu aliwasikiliza, kisha akasema:

“Tuna ndama dume. Hatoi maziwa, na anakula majani mengi.”

Wanaume wawili walitazamana. Ndama akauzwa. Malipo ya majani ya chai ya miezi iliyofuata yakapangiwa bili iliyobaki ya hospitali. Obed akabaki Lufingo, akapata kazi ya kujenga mabanda ya kuku kwa majirani.

Majibu ya damu na picha yalirudi. Daktari wa upasuaji alishauri tezi ipunguzwe, na mzee akakubali. Wakati wa kusubiri alitembea na mpira wake chini ya koti. Lusungu alifundishwa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa, na kuuweka mfuko chini ya kiwango cha kibofu. Kisha mzee akapasuliwa, na nyama iliyotolewa ikapelekwa kupimwa. Prosper alipowaita kuwaambia kwamba haikuwa saratani, mzee alivua kofia yake, akaishika kifuani.

Mpira ulitolewa hospitalini. Siku hiyo mzee aliingia chooni, Obed akasimama nje ya mlango kwa wasiwasi.

“Baba?”

“Nyamaza. Sikiliza.”

Obed alisikiliza. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo watu huisikia kila siku bila kuijali. Ilimjia kama sauti ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Aliegemea ukuta, akamshukuru Mungu.

Mzee alipopata nguvu, aliwaita wazee wenzake nyumbani. Walikuja wengi, wakakaa kwenye viti na mabenchi. Mbele yao mzee alimpa Lusungu kitenge kipya na kuku jike.

“Katika ukoo wetu, mtu akitaka kumfungulia njia mke wa mwanawe, huifungua mbele ya watu,” alisema. “Huyu alinitaja jina nikiwa nakufa, nami niliitika. Kuanzia leo anitazame na aseme nami. Yeye sasa ni binti yangu.”

Wazee waliitikia kwa kuguna. Kisha mmoja akauliza kwa adabu, “Asajile, tulisikia ulikuwa hospitali. Ulikuwa unasumbuliwa na nini?”

“Mkojo,” mzee alisema. “Ulikwama. Tezi dume ilikuwa imeongezeka, nikapasuliwa. Sasa unatoka kama wa kijana.”

Baadhi ya wazee walitazama vidole vya miguu yao. Mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Lusungu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitenge chake, aliona aibu ikipita juu yao wote kama upepo kwenye migomba.

Kisha Mzee Boazi, mkubwa kuliko wote, alijiinua kidogo kwenye kiti. Alikuwa mtu asiyewahi kumuuliza mwanamke jambo lolote mbele ya watu.

“Mama Jeni,” alisema, “mtu akienda huko, huanza kwa kumwona nani?”

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemkemea. Wazee wote, mmoja baada ya mwingine, waliinua nyuso zao, wakamtazama Lusungu, wakisubiri ajibu.